Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Kitivo: Uzamili Wetu wa Sayansi ya Kompyuta Umebaki Jina

Kwa: Mkuu wa Kitivo
Nakala: Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta, Mratibu wa Masomo ya Uzamili, Kamati ya Mitaala

YAH: YANAYOFUNDISHWA NA YASIYOFUNDISHWA KATIKA SHAHADA YA UZAMILI YA SAYANSI YA KOMPYUTA

Mheshimiwa Profesa,

Pokea salamu zetu za heshima.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza mwakilishi wetu wa darasa aliipeleka kwa mratibu kwa mkono wake. Ya pili ilikwenda idarani, ikarudi na maelekezo kwamba tufuate ngazi, yaani tuanze kwa mratibu. Ya tatu ilifika ofisini kwako, katibu wako akaigonga muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri huo ninayo. Baadaye tuliitwa kwenye kikao kimoja, tukasikilizwa kwa upole, tukaambiwa suala letu linafanyiwa kazi. Tangu siku hiyo imepita mihula miwili, na hakuna aliyetuambia kazi hiyo inafanywa na nani. Tumechoka kupigwa danadana. Ndiyo maana leo ninaandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Sina ugomvi na mtu. Hakuna mhadhiri nitakayemtaja kwa jina. Baadhi yao wamenifundisha tangu shahada ya kwanza na ninawaheshimu. Ninacholalamikia ni kimoja. Tuliingia shahada ya juu ili tuelewe kompyuta inaweza nini na haiwezi nini, na tujue namna ya kuhakikisha kwamba tulichokijenga ni sahihi. Badala yake tunafundishwa kubonyeza zana za mwaka huu. Tukihitimu hivi, tutakuwa tumevikwa kilemba cha ukoka.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Algoriti za Juu. Wiki tisa za mwanzo tulipanga orodha na kutafuta vitu ndani ya orodha, mambo tuliyoyafanya tukiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza. Marudio yenyewe si kosa. Chukua utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu: unatazama katikati ya orodha iliyopangwa, unatupa nusu isiyohusika, unaendelea na iliyobaki. Mtoto wa shule anaelewa. Lakini mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza hadharani kwamba utaratibu huo, aliouandika yeye mwenyewe katika maktaba (mkusanyiko wa programu zilizo tayari kutumika) ya lugha ya Java, ulikuwa na hitilafu iliyojificha kwa takriban miaka tisa. Ili kupata katikati, programu ilijumlisha nafasi ya kushoto na ya kulia kisha ikagawa kwa mbili. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla hiyo huvuka 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa katika biti 32 (tarakimu 32 za sifuri na moja) zenye alama ya chanya na hasi, na papo hapo inageuka kuwa hasi. Karatasini kila kitu kilikuwa sawa, kwa sababu namba za hisabati hazina mwisho. Za mashine zina ukuta. Hapo ndipo lilipo somo la uzamili: mada ni ile ile, jicho ni jingine. Sisi tulirudia mada kwa jicho lile lile.

Zikabaki wiki chache za uchangamano, yaani kipimo cha ugumu wa matatizo yenyewe, na ndizo zilizoliwa na marudio. Mwaka 1971 Stephen Cook alionyesha kwamba kuna tatizo moja ambalo likipatiwa njia ya haraka, matatizo mengine chungu nzima nayo yamepona. Leonid Levin alifika huko huko kivyake katika Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1972 Richard Karp akaonyesha matatizo 21 yenye undugu huo. Kama njia ya haraka ipo au haipo, hadi leo hakuna aliyethibitisha, na Clay Mathematics Institute imeweka zawadi ya dola milioni moja kwa jibu tangu mwaka 2000. Sisi tulipewa slaidi moja, nayo ikarukwa kwa sababu kipindi kilikuwa kimekwisha.

Hasara yake naweza kukuonyesha, Mheshimiwa. Mwenzetu mmoja alitumia muhula mzima wa tasnifu akitafuta programu itakayopanga ratiba ya mitihani bila mgongano, kwa vipindi vichache iwezekanavyo, haraka, kwa idadi yoyote ya wanafunzi. Kila alipokaribia, data ikiongezeka kidogo mashine inakwama. Akajilaumu kwamba hajui kuandika programu. Msimamizi wake akamshauri abadilishe lugha ya programu. Hakuna aliyemwambia kwamba anachokitafuta ni kupaka rangi nukta za grafu, yaani mchoro wa nukta na mistari inayoziunganisha, ili nukta zilizounganishwa zisifanane rangi, mojawapo ya yale 21 ya Karp. Angelijua hilo, asingepoteza siku hata moja akitafuta njia kamili ya haraka ambayo dunia nzima haijaipata. Angekwenda moja kwa moja kwenye njia za kukadiria, au angeligeuza tatizo lake likamezwa na vitatuzi vilivyopo, yaani programu zilizokwisha kuandikwa za kutatua matatizo ya aina hiyo, na angekuwa amemaliza. Yeye aliahirisha masomo.

2. Mifumo iliyosambaa, yaani kompyuta nyingi zinazofanya kazi moja kwa pamoja. Hapa nitaanza kwa kusifu. Muhula wetu wa kwanza tulikuwa na mhadhiri wa muda aliyetutaka tuandike Raft kuanzia mstari wa kwanza. Raft ni utaratibu uliochapishwa mwaka 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout, unaoziwezesha seva kadhaa kukubaliana juu ya mpangilio mmoja wa matukio hata baadhi zikizimika; waliubuni kwa makusudi uwe rahisi kueleweka kuliko Paxos, utaratibu wa awali wa kazi hiyo hiyo wa Leslie Lamport. Alitupa wiki sita. Tulipodhani tumemaliza, akaja na programu yake ndogo inayokata mawasiliano na kuzima seva bila taarifa. Makundi yote yalianguka. Kundi letu lilijikuta na viongozi wawili katika kipindi kimoja cha uongozi, kila mmoja akitoa amri zake.

Tulikesha siku nne kabla ya kuliona kosa. Seva iliyozimwa na kuwashwa tena ilikuwa imesahau kwamba imeshapiga kura, ikapiga ya pili. Tulikuwa tunatangaza kura kabla ya kuiandika kwenye diski. Mstari mmoja tu, umekaa mahali pasipo pake! Baada ya hapo mhadhiri yule aliposimama ubaoni kutuonyesha matokeo ya Fischer, Lynch na Paterson ya mwaka 1985, kwamba pale ujumbe unapoweza kuchelewa bila kikomo hakuna utaratibu usiotumia bahati nasibu unaoweza kuhakikisha makubaliano yatafikiwa ikiwa hata seva moja tu inaweza kufa, hakuna mtu aliyesinzia. Tulikuwa tumeshaumwa na nyoka huyo, tukataka kumjua jina.

Mkataba wake haukuongezwa. Kozi ikafutwa kimya kimya, mahali pake ikaja iitwayo Kompyuta ya Wingu, ambayo wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanaisoma sasa. Wanajifunza kufungua akaunti kwa kampuni moja inayokodisha seva, na wapi pa kubonyeza. Swali la kwanza la mtihani wao lilikuwa: taja huduma tano za kampuni hiyo na kazi ya kila moja. Majina ya bidhaa, Mheshimiwa! Mbili kati ya hizo zimeshabadilishwa jina.

3. Ujifunzaji wa mashine. Kozi hii ndiyo inayojaza ukumbi, na ndiyo inayotangazwa zaidi kwenye vipeperushi vya kitivo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mazoezi yote manane yana umbo moja: ita maktaba, pakia data, andika mistari mitatu, chapisha asilimia ya usahihi. Hakuna zoezi hata moja lililotutaka tukokotoe kwa mkono jinsi kosa linavyorudishwa nyuma kupitia tabaka za mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa kurekebisha namba zake kila inapokosea), njia ambayo Rumelhart, Hinton na Williams waliifanya ijulikane sana mwaka 1986 na ambayo bado ndiyo roho ya mifumo ya leo. Tunazungumza kila siku juu ya transfoma za mwaka 2017, yaani muundo wa mtandao wa neva unaobeba mifumo ya lugha ya leo, ila ukiuliza darasani kwa nini matini ikiongezeka urefu mara mbili kazi ya umakini (hatua ya kulinganisha maneno) inaongezeka mara nne, watu wanatazamana. Jibu ni kuzidisha tu: kila neno linapimwa dhidi ya kila neno.

Hiyo asilimia ya usahihi nayo tunaiabudu bila kuielewa. Kama katika watu 100 mgonjwa ni mmoja, programu inayosema "wote wazima" bila kutazama chochote inapata asilimia 99. Na hapa sina budi kujitaja. Mradi wetu wa picha za eksirei ulipata asilimia 97 na alama ya juu kuliko yote darasani. Miezi mitatu baadaye, nikiusafisha ili nimwonyeshe rafiki, niligundua kwamba tuligawa data kwa picha badala ya kwa wagonjwa. Picha za mgonjwa mmoja zilikuwa kwenye mafunzo na kwenye jaribio pia. Mashine ilikuwa inawatambua watu, si ugonjwa. Nilipogawa upya, alama ilishuka hadi 71. Nilimwandikia msahihishaji. Alinijibu kwamba matokeo yameshapitishwa.

4. Usahihi na usalama. Tumesimuliwa mashine ya mionzi ya Therac-25, ambayo kati ya 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa wasiopungua sita dozi kubwa kupita kiasi, sababu mojawapo ikiwa sehemu mbili za programu zilizokuwa zikienda pamoja bila kusubiriana vizuri. Tumesimuliwa roketi ya Ariane 5 ya Juni 1996, iliyopasuka chini ya dakika moja tangu kuruka kwa sababu namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia katika biti 16. Tumesimuliwa, basi. Namna ya kueleza kwa hisabati kile programu inachopaswa kufanya, kisha kuthibitisha kwamba inakifanya, hatujafundishwa, ingawa tangu mwaka 2009 kiini cha mfumo endeshi kiitwacho seL4 kina uthibitisho wa namna hiyo uliokaguliwa na mashine. Kwenye usimbaji fiche, yaani kuficha ujumbe ili asiyehusika asiusome, maelezo yetu ya darasani yanaishia RSA, njia moja maarufu ya kufanya hivyo. Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwanta (inayokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo mno) yenye nguvu ya kutosha itaivunja, na Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kwanza vya kuchukua nafasi yake. Hilo nililijua kwa kusoma mwenyewe.

5. Utafiti na tasnifu. Hakuna kozi iliyotutaka tusome makala moja ya kisayansi kuanzia mwanzo hadi mwisho, tukaipinga, au tukarudia jaribio lake tuone kama matokeo yanatoka vile vile. Tunafika mwaka wa pili tukiwa hatujui swali la utafiti linafananaje. Matokeo yake nenda kayaone maktaba. Rafu nzima ni Mfumo wa Usimamizi wa kitu fulani: wa hosteli, wa mahudhurio, wa maktaba, wa maegesho. (Nimehesabu tatu za hosteli. Hosteli zenyewe bado zinasimamiwa kwa daftari.) Ni kazi halali, ila ni za stashahada. Msimamizi wangu ana wanafunzi 19. Simlaumu anapojibu sura nzima kwa maneno matatu, "endelea, iko vizuri".

6. Maadili. Saa mbili, Ijumaa jioni, wiki ya mwisho wa muhula. Sina la kuongeza.

Mheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu kila moja tumeshalisikia kwenye korido.

Tutaambiwa soko la ajira linataka zana. Linazitaka, na tunazijua. Tunajifunza usiku, maelezo yake yako wazi kwenye intaneti na watengenezaji wenyewe wanatubembeleza tujifunze. Jedwali la hifadhidata tunaloandikia maswali leo linasimama juu ya wazo la Edgar Codd la mwaka 1970. Hesabu tu ni zana ngapi zimezaliwa na kuzikwa juu yake. Kitu ambacho mtu hawezi kukipata peke yake usiku ni mtu wa kumwambia uthibitisho wake una tundu, na wapi. Hicho ndicho tulichokifuata hapa.

Tutaambiwa wanafunzi hawana hisabati ya kutosha. Kwa sehemu ni kweli, na mimi mwenyewe nilinusurika nadharia ya uwezekano kwa alama mbili. Basi tupimwe mlangoni, na anayepungukiwa apewe kozi ya kujaza pengo kabla ya kuanza. Kuipunguzia shahada uzito ili itoshe mabega yetu si msaada.

Tutaambiwa hakuna vifaa, hasa mashine kubwa za kufunzia akili mnemba. Raft yetu tuliiandika kwenye kompyuta mpakato moja ikijifanya seva tano. Na mwaka 2002 swali la zamani, kama inawezekana kutambua namba tasa (isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe) kwa njia ya uhakika ambayo pia ni ya haraka, lilijibiwa India na Manindra Agrawal pamoja na wanafunzi wake wawili, Neeraj Kayal na Nitin Saxena, waliokuwa ndiyo kwanza wamemaliza shahada ya kwanza. Kwa kalamu. Mashine kubwa tungezipenda, lakini si ukosefu wake uliofuta slaidi ya Cook.

Jibu la mwisho ndilo tunalopewa zaidi: mtaala umeshaidhinishwa, hauguswi mpaka muda wa mapitio ufike. Hapa, Mheshimiwa, naomba usome taratibu. Tuliomba nakala ya mtaala huo ulioidhinishwa, tukausoma wote. Uchangamano umo, wiki nne. Kuthibitisha programu kumo. Semina ya kusoma makala imo, kila wiki, kwa mihula miwili. Mifumo iliyosambaa imo kama kozi ya lazima, na Kompyuta ya Wingu haimo kabisa. Kwa hiyo karibu yote tunayoyaomba yameshaidhinishwa, na ambaye hajafuata mtaala ni idara.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Kozi za msingi zifundishwe kama mtaala ulivyoandikwa, na Mifumo iliyosambaa irudishwe muhula ujao. Mhadhiri yule yuko tayari kurudi, tulimuuliza.

(b) Kila kozi ya msingi iwe na angalau kazi moja ya kujenga kitu kuanzia chini bila maktaba ya kumalizia kazi, na moja ya kuandika uthibitisho unaosahihishwa mstari kwa mstari.

(c) Semina ya makala ianze, na kila mwanafunzi arudie matokeo ya makala moja kabla ya kuruhusiwa kuandika pendekezo la tasnifu. Pendekezo litetewe mbele ya watu watatu, mmoja wao awe wa nadharia, ili asitokee mwingine wa kutafuta kwa muhula mzima kitu ambacho ubaoni kingemchukua dakika kumi kukikwepa.

(d) Idadi ya wanafunzi kwa msimamizi iwekewe kikomo, na kikomo hicho kitangazwe. Hatung'ang'anii namba, 19 si namba.

(e) Kosa likigunduliwa katika kazi iliyokwisha kupewa alama, hata likigunduliwa na mwenye kazi, kuwe na njia ya kulisahihisha. Alama yangu ya mradi wa eksirei nipo tayari ishushwe.

(f) Mwanafunzi mmoja wa uzamili aketi kwenye Kamati ya Mitaala, akiwa na haki ya kusema na ya kuona kumbukumbu za vikao.

Wenzangu 34 kati ya 41 wa mwaka wa pili wameisoma barua hii kabla haijatoka na wakaridhia. Majina yao nitayawasilisha ofisini kwako ukiyahitaji, siyaweki hapa kwa sababu baadhi yao bado hawajatetea tasnifu. Waliokataa, wanne walisema imepoa mno.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Lililo gumu kutekelezwa tuambiwe ni lipi na kwa nini. Na kama jibu la ombi lolote ni hapana, basi hiyo hapana iandikwe, iwekwe saini, na mwakilishi wetu wa darasa akabidhiwe mkononi, maana ya mdomo tunayo tayari.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa pili,
Shahada ya Uzamili ya Sayansi ya Kompyuta